Ufito Kwenye Barafu

Jumapili, 5 Novemba
Nyuzi joto 3, mawingu mazito, upepo kidogo.

Baba Armel amekubali kunifundisha kamera yake kubwa. Ni sanduku la mbao lenye mvukuto wa ngozi, linakaa juu ya miguu mitatu. Ukijifunika kitambaa cheusi nyuma yake unaliona ziwa kwenye kioo, limepinduka: maji juu, mbingu chini, kulia kumekuwa kushoto. Nilicheka. Alisema macho yatazoea wiki ijayo.

Naandika kila kitu nisije nikasahau. Mahali: ziwa dogo mwisho wa uwanda wa Järva, dakika hamsini kwa miguu kutoka Husby tunakokaa. Ufukweni amepanga mawe matatu bapa, kila mguu wa kamera una jiwe lake. Hapigi picha mahali pengine. Nilimuuliza kama hachoki na ziwa lile lile. Akanieleza kwamba kwao Gitega alifanya kazi miaka sita na wapimaji wa ardhi, na kazi yake ilikuwa kushika ufito wa mistari myekundu na myeupe, asitikisike, mpaka mpimaji aliye mbali amalize kusoma.

"Wenzangu walilipwa kutembea," alisema. "Mimi nililipwa kusimama."

Ufito wa namna hiyo anao hata sasa, amejichongea mwenyewe, mita tatu, ncha ya chuma. Akipita nao uwanjani Husby watoto humwita Mzee Musa na kumwomba apasue maji.

Jumapili, 12 Novemba
Nyuzi 1. Somo la ndani, nyumbani kwao.

Filamu hukaa kwenye kasha bapa, moja upande huu na moja upande wa pili. Kila upande una kifuniko chembamba cha kuchomeka, na kifuniko kina ukingo mweupe na ukingo mweusi. Kitabu nilichoazima maktaba ya Kista kinasema: nyeupe ikiwa nje, filamu bado mpya, nyeusi ikiwa nje, imeshapigwa. Baba Armel anafanya kinyume. Kwake nyeupe ndiyo iliyokwisha, kwa sababu picha iliyopigwa ndiyo ya kulindwa, na kwenye giza jicho huona nyeupe.

Nilimfungulia kitabu. Alikisoma miwani ikiwa ncha ya pua, akafunga.

"Basi kitabu kimeshinda. Kuanzia leo tunafuata kitabu."

Nilijisikia mwanafunzi hodari. Mama Armel alituletea chai. Kikombe changu alikiweka mbali kidogo na mkono wangu, akarudi jikoni.

Jumapili, 19 Novemba
Nyuzi 0 kamili.

Leo nimejifunza dakika nne. Anaweka kioo cheusi mbele ya lenzi ili mwanga uingie polepole. Anafungua, anatembea mpaka kwenye matete, anasimama na ufito wake akitazama kamera, kisha anarudi kufunga. Mama mmoja na mbwa wake walipita katikati yetu. Nikamwambia Baba Armel picha imeharibika. Akasema ningoje.

Filamu tuliisafisha bafuni kwao. Mama hayupo. Mbwa hayupo. Baba Armel yupo, na ufito wake. Safari yake ya kwenda na kurudi haimo.

"Anayetembea haonekani," alisema. "Anayeonekana ni aliyesimama."

Jumapili, 26 Novemba
Theluji. Zamu ya kuwahudumia wazee wanne majumbani, hakuna somo. Ziwa limeganda, nasikia.

Ijumaa, 8 Desemba
Nyuzi 4 chini ya sifuri.

Baba Armel ameniletea kamera yote, pamoja na mfuko wa makasha sita. Siku hizi huenda ziwani peke yake asubuhi akitoka kusafisha treni. Kila safari anasimama hatua kumi mbele zaidi, na sasa anasimama juu ya barafu. Ya mwisho hawezi peke yake, maana dakika nne zitaisha angali njiani.

"Jumapili saa nne asubuhi. Wewe fungua, mimi nisimame. Kesho nitapita kuiangalia barafu."

Alisema filamu zake zimo humo humo pamoja na zilizo tupu. Alipoondoka nilihesabu: nyeusi nje tano, nyeupe nje saba. Kwa hiyo amepiga tano, zimebaki saba. Nimeandika namba zote.

Jumapili, 10 Desemba
Nyuzi 6 chini. Ukungu.

Nilifika saa nne kasoro robo. Nikaweka miguu ya kamera juu ya mawe. Ukungu ulikuja na kuondoka, ziwa lote jeupe, sikuona hata ng'ambo. Saa tano hajafika. Ili nisipoteze safari nilipiga picha moja, dakika nne, kasha la kwanza upande A. Nilikaa ndani ya kitambaa karibu muda wote kwa sababu ya baridi. Hakuja. Simu huwa anaiacha nyumbani.

Jumatatu, 11 Desemba
Upepo mkali, theluji inaanguka kwa ubavu. Mama Armel amenipigia, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Baba Armel alitoka Jumamosi saa mbili asubuhi, akasema anapita mahali, hajarudi. Akaniuliza kama yuko kwangu. Nilisema hapana. Kwenye simu nikasikia saa ya ukutani kwao.

Jumatano, 13 Desemba
Polisi wawili walikuja. Niliwaambia juu ya ziwa. Jioni mmoja alinipigia: wametembea ukingoni kote, theluji imefika magotini, hakuna alama wala kitu cha mtu.

Jumapili, 17 Desemba
Kanisani wamemwombea. Baadaye, kwenye kahawa, mtu mmoja alisema amemwona kituo cha Hjulsta, jukwaani, akingoja treni.

Alhamisi, 28 Desemba
Nyuzi 9 chini.

Nilikwenda kwao kusafisha zile filamu tano zenye ukingo mweusi nje, ili familia ione alikokuwa akienda. Wazo lilikuwa langu. Bafuni tuliziba mlango kwa taulo. Armel, mtoto wao, aliketi nje sakafuni. Nilisikia mguu wake ukigonga ukuta bila kukoma. Huyu kijana hajui kutulia hata akila.

Niliwasha taa. Filamu ya kwanza tupu, angavu kama kioo cha dirisha. Ya pili hivyo hivyo. Zote tano.

Niliziosha tena, kana kwamba picha ilikuwa chini ya uchafu. Dawa nilipima sawa, joto sawa, dakika sawa. Ilibidi niwaambie ukweli: filamu hizi hazijawahi kuona mwanga.

Armel alisema jambo kwa Kiswidi, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mama yake alisikie vizuri. "Kwa hiyo hakuwa akienda ziwani. Asubuhi zote zile."

Mama Armel alikusanya vikombe. Aliniuliza kama nimemaliza na bafu lake.

Jumapili, 31 Desemba
Sasa ameonekana Hagsätra, mwisho mwingine wa jiji, amebeba mkate. Kuna mwanamke huko, wanasema. Waliokuwa wakimwombea wiki mbili zilizopita ndio wanaosema. Mmoja aliniangalia mimi pia, kuanzia viatu.

Jumapili, 7 Januari
Nyuzi 15 chini. Mikono imepasuka.

Jana nilirudi ziwani nikapiga picha ya pili, kasha la kwanza upande B. Mawe yale yale, lenzi ile ile, dakika nne. Theluji safi, sikuona unyayo wa binadamu. Leo nimezisafisha zote mbili bafuni kwangu.

Naandika nilichokiona, kwa utaratibu.

Picha ya jana: ziwa, matete, miti ya ng'ambo. Filamu ni nzito, giza mno, na matete yameandikwa mara mbili kama nilitikisa kamera. Hatua chache ndani ya barafu amesimama mtu. Kwenye filamu nyeupe huwa nyeusi na nyeusi huwa nyeupe, kwa hiyo ni mtu wa mwanga kwenye theluji nyeusi, na kifuani mwake naona mstari wa barafu ukipita. Mkononi ana ufito wa mistari.

Picha ya tarehe 10 Desemba: mtu yule yule, karibu zaidi, kwenye matete. Mbali nyuma yake kuna mkwaruzo mdogo uliosimama wima. Nadhani ni ukucha wangu.

Niliacha taa ya bafuni ikiwaka. Jana kwenye ziwa lile nilikuwa peke yangu.

Jumatatu, 8 Januari
Nimemwambia Kamila, mwenzangu wa zamu. Akasema kwa namna tunavyosugua mabafu ya watu wanaokaribia kufa, si ajabu mmoja kanifuata kwenye sabuni. Halafu aliponiangalia aliacha kucheka. "Badilisha dawa kwanza, shoga yangu. Ikishindikana ndiyo tuulize mashehe."

Nimenunua dawa mpya.

Jumapili, 21 Januari
Nyuzi 7 chini. Kasha la pili, upande A. Dawa mpya.

Yupo. Hatua kumi mbele kuliko ile ya pili. Nimepima urefu wa ufito wake kwa rula ya shule: umepungua, kama unavyopaswa kupungua mtu akienda mbali. Uso ni mdogo kama kichwa cha pini, lakini umenielekea mimi. Anaondoka huku akinitazama.

Jumapili, 28 Januari
Ameonekana tena kituo kikuu, T-Centralen, ndevu ndefu. Sijasema lolote. Nikisema yuko kwenye filamu zangu watasema nami nina sababu ya kumwona kila mahali.

Jumamosi, 3 Februari
Nyuzi 2 chini, ukimya.

Nilikwenda kwa sababu nikiacha leo sitarudi tena. Kasha la tatu, upande B. Ndani ya kitambaa ziwa lilining'inia juu, jeupe, na nilihesabu dakika nne kwa sauti. Mara tatu niliinua kitambaa kutazama kwa macho yangu. Barafu tupu. Nilipojifunika tena nilihisi kuna mtu mbele yangu anayesubiri nimalize kusoma.

Jumapili, 4 Februari
Yupo. Hatua kumi zaidi.

Alhamisi, 15 Februari
Mvua juu ya theluji. Zamu mbili. Sijagusa kamera.

Jumapili, 18 Februari
Nyuzi 1.

Saa nane mchana kengele ya mlango ililia. Mama Armel, peke yake, kofia ya kanisani kichwani. Hajawahi kuja kwangu. Hakuvua koti.

"Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, na unijibu kama mwanamke kwa mwanamke. Yule wa Hagsätra ni mwingine, au ni wewe?"

Niliapa. Aliniangalia mpaka mwisho wa kiapo, akaketi. Akasema hawezi kuendelea hivi. Mume akikufa kuna namna: watu wanakuja, mnalia, mnazika, mnaondoa matanga, unafungua madirisha. Mume akikimbia pia kuna namna, unachoma nguo zake. Yeye hajui afungue dirisha au awashe kiberiti. Armel tayari ametia nguo za baba yake kwenye mifuko ya takataka, ipo kwenye korido.

Nilikuwa nikimwona mwanamke baridi. Alikuwa ameikalia mikono yake ili nisiione.

Nilienda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amesimama mbele ya rafu yenye makasha.

"Hizi nyeupe mbona hujazisafisha?"

Nikamwambia hizo bado ni mpya, zilizopigwa ni nyeusi.

"Nani kasema? Miaka thelathini ananiita jina na kunipigia kelele nisiguse nyeupe. Elvire, nyeupe zimekwisha, usiguse. Elvire, weka mbali na moto."

Nikasema tulikubaliana kufuata kitabu. Nilimwonyesha nilivyoandika, tarehe 12 Novemba.

"Alikukubalia," alisema. "Lakini mkono wake haujasoma kitabu chako."

Niliweka chai chini. Zile tano tupu zilikuwa tupu kwa sababu zilikuwa mpya. Hizi saba zilikuwa zake. Nami nimepiga juu ya nne kati yake, mawe yale yale, lenzi ile ile, ziwa langu juu ya ziwa lake, na kilichozidi ni yeye. Nilimwambia mke wake kwamba mumewe hakuwahi kwenda ziwani, kumbe nilikuwa nimemweka kwenye rafu, karibu na majani ya chai.

Zilibaki tatu ambazo sijazigusa. Tulizisafisha pamoja. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea gizani, koti mwilini, akihesabu dakika kwa Kirundi. Taa ilipowaka alizishika moja moja kwa kingo zake, vizuri kuliko mimi. Zilikuwa safi, matete hayajaandikwa mara mbili. Mumewe hatua hamsini kutoka kwenye mawe, sitini, sabini. Amesimama wima, kofia ile aliyomfumia yeye.

Hakulia. Aliuliza ufito uko wapi.

Nikasema uko kwenu.

"Nyuma ya mlango haupo tangu siku ile. Nilidhani uko kwako."

Tulitazamana. Wiki kumi, kila mmoja akidhani uko kwa mwenzake, kwa sababu hatukuwa tukizungumza.

"Mwanamume anayekimbilia kwa mwanamke," alisema polepole, "anabeba nguo. Habebi ufito wa mita tatu."

Jumatatu, 19 Februari
Sijaenda kazini.

Asubuhi nilichukua filamu ya tarehe 10 Desemba na kioo cha kukuzia. Yake, aliyoipiga kwanza, ina mtu mmoja na ufito mmoja, kwenye matete. Ule mkwaruzo wa mbali una mistari. Angavu, giza, angavu. Mtu mmoja hasimamishi fito mbili.

Ufito wa pili haukuwa wa picha yake. Ulikuwa wa picha yangu. Jumapili ile, wakati nimekaa ndani ya kitambaa nikimlaumu kwa kuchelewa, ulikuwa umesimama kwenye barafu mbele yangu, peke yake. Macho yangu hayakuuona kwenye ukungu. Filamu ilivumilia dakika nne ikauona.

Nilipima. Mistari yake nimeihesabu: kumi na mmoja juu ya barafu, mingine chini. Kila mstari ni sentimita kumi. Kwa upana wa mstari mmoja umbali ni hatua themanini kutoka kwenye mawe, kuelekea kwenye mwanya kati ya misonobari miwili. Alishafika sabini. Themanini ndiyo iliyofuata.

Armel alikuja saa tisa kuchukua karatasi zangu za vipimo na kuzipeleka polisi. Alisimama mlangoni akitazama filamu dhidi ya taa. Mguu wake ulikuwa umetulia.

"Tante," alisema, kama wanavyomwita shangazi kwao, "niliziweka nguo zake kwenye mifuko."

Nikamwambia hazijachukuliwa bado. Akazirudishe kabatini.

Alhamisi, 22 Februari
Nyuzi 3 chini, jua.

Walikata barafu saa nne asubuhi, mahali nilipoweka alama. Kwanza walipata ufito chini ya theluji, umevunjika usawa wa barafu. Nadhani ni upepo wa ile Jumatatu. Ncha yake ilikuwa bado imezama kwenye tope.

Naye alikuwa hapo. Askari wa kike aliyekuja kutuambia alitafuta maneno, na Mama Armel akamwomba aseme tu. Tope lilikuwa limemshika magotini. Hakuwa amelala. Alikuwa wima chini ya barafu, mkono kwenye ufito.

Mama Armel aliuliza, nami nikatafsiri: alitazama upande gani?

Askari alifikiri. Kisha akaelekeza kidole mahali tulipokuwa tumesimama, kwenye mawe matatu.

Ijumaa, 23 Februari
Daktari anasema ilikuwa ile Jumamosi, ndani ya dakika chache, kwa baridi. Nilifika siku moja baadaye, nisingeweza kitu. Nimeiandika ili niisome. Nimeisoma, na bado nasikia nilivyokuwa nikihesabu.

Jumamosi, 9 Machi
Mazishi. Watu wengi, hata wale wa Hjulsta na wa Hagsätra. Hakuna aliyesema tena kwamba alimwona. Mama Armel aliwapokea wote, akawapa viti. Mimi alinikalisha kando yake, na kikombe changu akaniwekea mkononi.

Jumamosi, 6 Aprili
Tumeondoa matanga. Madirisha yote yalifunguliwa, nyuzi 6, watu walikula na makoti.

Jumapili, 14 Aprili
Nyuzi 11, upepo hakuna. Ziwa limefunguka.

Mama Armel alitaka picha. Filamu niliipakia mwenyewe, kutoka kwenye sanduku jipya, jana, mlango umezibwa. Nimeandika namba ya sanduku. Armel aliunga ufito kwa gundi na waya, akasimama nao mwanzo wa matete, hakuingia majini. Nilimwonyesha mama yake kioo. Alijifunika kitambaa na kukaa humo kwa muda.

"Yuko kichwa chini," alisema kutoka ndani.

Nikamwambia atazoea.

Alifungua lenzi kwa mkono wake, akahesabu kwa Kirundi mpaka mwisho. Dakika nne nzima yule kijana hakutikisika, hata nzi alipomtulia. Nilipochomeka kifuniko niliweka ukingo mweupe nje. Mama Armel aliona, akatingisha kichwa kukubali.

Nimeisafisha jioni. Armel ametoka vizuri, kila mstari wa ufito unasomeka. Matete yameandikwa mara moja tu. Maji ni laini na matupu. Nimeyapitia kwa kioo cha kukuzia, kipande kwa kipande, kutoka kwenye matete hadi kwenye mwanya wa misonobari. Hatua themanini hakuna kitu.

Halafu nikarudia kutoka mwanzo, kwa sababu Armel, ambaye nilimwambia aitazame kamera, ameligeuzia uso ziwa, na sikumbuki kumwona akigeuka.